Mzee hazai, lakini naye anaugua

Ndugu wasikilizaji wa kartie Lumumba, nanyi jamaa mliokimbia vita Djugu na Irumu, tupige hesabu.

CNSS inalipa pensheni, hailipi dawa ya presha. Sheria ya 2016 iliipa pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia. Basi. Mutuele ya afya inataka mchango. Mzee aliyekimbia akaacha nyumba na mifugo atautoa wapi? Matibabu ya bure ya serikali yalianza Septemba 2023 kwa kina mama wanaozaa na watoto wachanga. Vizuri! Lakini mzee wa miaka 70 hazai.

Mzee huyu alikatwa mshahara miaka yote ya kazi. Serikali imlipie mchango wa mutuele. Hiyo si sadaka, ni deni.