Wachunguzi Vijana wa Maradhi ya Akili Wapewe Fedha za Nchi Yetu

Hospitali yetu kubwa ya maradhi ya akili iko Mirembe, Dodoma. Kutoka Kaliua ni safari ya reli ya kilomita 500 hivi, kwa njia ya Tabora. Mfumu, yaani mganga wetu wa jadi, yuko kijiji cha pili. Basi mgonjwa hupelekwa kwa nani kwanza? Jibu lake kila mtu wa Unyamwezi analijua. Lakini nani amekaa Kaliua akahesabu ni wangapi wanaokwenda kwa mfumu, wangapi wanapona, wangapi wanafungwa kamba ndani ya nyumba, na ni dawa zipi zinazosaidia na zipi zinazodhuru?

Leo hatudai hospitali mpya, ijapokuwa yahitajika. Twadai jambo ambalo wengine wataliona dogo. Kijana wetu aliyemaliza masomo Muhimbili, au Bugando, au chuo kingine chetu, akitaka kuchunguza maradhi ya akili mahali kama Kaliua, apate fedha za kazi hiyo kutoka katika hazina ya nchi yake mwenyewe. Asilazimike kuzitafuta ng'ambo kwa kuandika maombi yanayowapendeza watu wasiojua Kaliua iko wapi.

Sababu yetu ya kusema hivi ni ya zamani. Katika Kenya ya wakoloni alikuwako daktari mmoja wa serikali, J. C. Carothers. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, naye hakuwa amesomea kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Humo aliandika kwamba Mwafrika hatumii vema sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo hospitalini. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapa maandiko yake mengine, ya kueleza Mau Mau kuwa ni jambo la maradhi ya akili. Watu waliodai ardhi yao wakaambiwa kwamba ni wagonjwa! Na hayo yaliitwa elimu, yakasomwa London na Geneva, wala hapakuwa na daktari Mwafrika wa maradhi hayo Mathari wa kusimama na kusema, bwana, hesabu yako ni ya uongo.

Mabwana wa namna hiyo walisema pia kwamba Mwafrika haugui ugonjwa wa huzuni, ati kwa sababu hana mengi ya kufikiri. Uongo huo ulikaa miaka mingi. Ulivunjwa na nini? Kwa kwenda vijijini na kuuliza. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako watu waliulizwa kwa Kiganda. Waliona kwamba wanawake wa vijiji hivyo walikuwa na ugonjwa wa huzuni kuliko wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Hao nao hawakuwa Waafrika, twakiri hivyo bila kinyongo. Lakini waliuliza kwa lugha ya wenyewe, na walipouliza hivyo majibu yakabadilika.

Sasa twende kwenye fedha, maana ndiyo shina la jambo. Wazee wetu wa Unyamwezi walikuwa mabingwa wa kubeba mizigo katika njia ya misafara, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Pembe zilitoka bara kwa mabega yao, lakini bei ilipangwa pwani, na faida ikavuka bahari. Mirambo alipoifunga njia hiyo mwaka 1871, mgogoro mmoja ulikuwa huo huo: nani ana haki ya kuamuru mali ipitayo katika nchi hii? Kijana mtafiti wa leo yumo katika hatari ya kuwa mpagazi wa namna nyingine. Fedha hutoka nje, swali hutoka nje, karatasi za maswali huja zimekwisha kuandikwa. Yeye huenda vijijini kwa pikipiki, huzijaza, huzibeba, na majibu hupanda ndege. Jina lake huandikwa katikati ya majina ya wakubwa.

Na fedha hizo za nje huweza kukatika kwa tangazo moja. Tarehe 1 Mei 2025 taasisi za afya za serikali ya Marekani, ziitwazo NIH, zilitangaza kwamba hazitatoa tena fedha za utafiti zinazopitia vyuo vya kwao kwenda kwa washirika wa nchi za nje, mpaka utaratibu mpya utungwe. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika la misaada la USAID likakoma. Hatuwalaumu Wamarekani kwa kufanya wapendavyo na fedha zao. Twawalaumu waliotegemea kwamba haitakuja siku hiyo.

Tutazame Zimbabwe. Mwaka 2006 Dokta Dixon Chibanda hakuwa na jengo wala wauguzi wa kazi aliyoitaka. Akawafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa katika benchi na watu wenye huzuni na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Hakuanza na neno la kigeni. Alitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Nasi tunalo neno la namna hiyo tunaposema fulani ana mawazo. Kazi hiyo ilipimwa kwa uchunguzi wa watu 573, matokeo yakachapwa mwaka 2016, ikaonekana kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko wengine. Leo mabenchi hayo yamefika Malawi na Zanzibar pia. Lakini fedha za uchunguzi ule zilitoka Kanada. Na mpango wa AMARI ulioanza katika miaka ya 2010, wa kuwakuza watafiti vijana wa afya ya akili, ulianza na Zimbabwe, Ethiopia, Malawi na Afrika Kusini kwa fedha za Uingereza. Tanzania haikuwamo. Tungengoja tualikwe mpaka lini?

Maswali ya Kaliua yako tele, na mengine hayapatikani Harare wala London. Ulyankulu, ndani ya wilaya hii, wamekaa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 Serikali yetu ilikamilisha kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, tendo ambalo mataifa tajiri hayakuthubutu. Sasa ni ndugu zetu. Bibi aliyeona mauaji akiwa binti, analalaje usiku baada ya miaka hamsini? Wajukuu zake wamerithi nini katika ukimya wake? Tena wako wazee wa magharibi ya nchi yetu, hasa akina mama, walioitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni, na wengine wakauawa. Mzee apoteaye njia usiku kwa ugonjwa wa usahaulifu, akakutwa uani kwa jirani, ni wangapi wanaomwona mgonjwa? Na mkulima wa tumbaku aliyekopa mbolea, bei ikaanguka, akakaa kimya wiki nzima bila kula, tunamwita nani?

Wako watakaotuambia kwamba huo ni utajiri wa maneno, kwanza tununue vidonge. Hao twawakumbusha karanga. Kaliua ilikuwa sehemu ya Urambo mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012, na Urambo ndiko Waingereza walikoleta matrekta yao ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Kabla ya hapo ujumbe wa John Wakefield ulikuwa umeitazama Tanganyika kwa wiki tisa tu. Udongo na mvua hazikujulikana vema. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Anayenunua dawa bila kujua ugonjwa ni mwenzao.

Wala si kweli kwamba fedha za utafiti haziwezi kufika Tabora. Ugonjwa wa malale ulipotisha, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi kwa nguvu, lakini pia ilileta wachunguzi wa mbung'o. Leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu inayo kituo Tabora. Nyumba ipo. Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo tangu sheria ya mwaka 1986, na mfuko wake, MTUSATE, upo. Mwaka 2006 huko Khartoum, Umoja wa Afrika uliazimia kila nchi itoe asilimia moja ya pato lake kwa utafiti, nasi hatujafika hapo. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba nchi nyingi hutoa kiasi cha senti mbili tu katika kila shilingi ya afya kwa ajili ya akili za watu. Katika senti hizo mbili, mtafiti kijana atapata nini?

Twataka MTUSATE itenge fungu lake yeye, la miaka mitatu au minne, lisilonyang'anywa na maprofesa. Halmashauri ya Kaliua, inayotoza ushuru wa tumbaku, impe nyumba na chumba cha kazi. Naye awe na sharti moja: matokeo ayasome kwanza katika mkutano wa kata, kwa Kiswahili, na mfumu awepo.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila mwaka, mji ule ule wa Mirembe. Wabunge wa Tabora wamwulize Waziri ni shilingi ngapi zilizotengwa kwa vijana hawa mwaka huu, na kama yuko hata mmoja atakayeshuka kwenye stesheni ya Kaliua. Jibu lake tutalichapa katika ukurasa huu.