Kitabu cha Mvua Hakilipi Karo, Lakini Kiacheni

Na mwanachama, Kidato cha 3 Mashariki

Kuna swali moja ambalo limenichosha masikio. Ukimwonyesha mtu jambo unalolipenda, awe mjomba, jirani au mwanafunzi mwenzako, hatakuuliza ulilianzaje wala lina utamu gani. Atakuuliza, "Sasa hiyo itakuletea pesa ngapi?" Ukikosa jibu, basi wewe huna kazi ya kufanya, unapoteza wakati. Mimi nasema swali hilo lina mahali pake, napo ni sokoni. Likiingia nyumbani na shuleni na kukalia kila kiti, sisi wengine tutakaa wapi?

Nitaanza na wavyele wangu kwa sababu hao ndio ninaowajua. Baba ni bawabu, au soja kama tusemavyo mtaani, katika bohari moja kando ya barabara ya Mombasa. Huingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kazi yenyewe ni kufungua lango, kufunga lango na kuandika nambari za magari katika kitabu kikubwa cha kampuni. Kwa miaka yote hiyo sijasikia kwamba kuna mtu huko aliyemwuliza ana maoni gani kuhusu jambo lolote. Akifika nyumbani hunywa chai, kisha hungoja. Macho ni mekundu kwa usingizi lakini halali. Ikifika saa tatu kamili hutoka nje kupima mvua.

Ndiyo, mvua. Amekuwa akiipima tangu mwaka wa 2011, mimi nikiwa bado natambaa. Chombo chake ni mkebe wa maziwa ya unga, ule ulionyooka kutoka juu hadi chini, kwa maana mkebe wenye mdomo mpana na kitako chembamba husema uongo. Ameusimamisha juu ya kigingi ili matope yasiurukie, mbali na paa na mbali na kamba za nguo za majirani (jambo ambalo katika ploti yetu lilihitaji diplomasia kubwa). Huingiza rula, husoma milimita, humwaga maji na kuandika tarakimu katika daftari la kurasa 96. Saa ni ile ile kila siku, kwani ukipima leo asubuhi na kesho jioni, tarakimu zako hazilinganishiki. Siku isiyo na mvua huandika sufuri. Haruki siku.

Kutoka kwake nilijua kwamba milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja mraba. Ikiwa paa lako ni la mita 30 mraba na mvua imenyesha milimita 20, basi maji yaliyoangukia bati hilo ni lita 600, yaani mapipa matatu ya lita 200, ukiacha yanayomwagika. Hesabu hii niliifahamu kabla ya kufunzwa ujazo darasani, na sikuchapwa hata kiboko kimoja ili kuifahamu.

Majirani humwita Bwana Mvua, na msidhani ni kwa sifa. "Kwani Serikali haina watu wa kupima?" huuliza. Inao, wako katika Idara ya Hali ya Hewa. Lakini huku kwetu mvua yaweza kunyesha ng'ambo hii ya barabara na kuacha ng'ambo ile vumbi tupu. Hakuna kituo cha Serikali chenye habari za ploti yetu. Baba anazo.

Haya, sasa faida iko wapi? Hebu niwaeleze inavyokuwa stima ikipotea. Sisi ni watoto wanne, chumba ni kimoja na nusu, na simu zimekwisha chaji. Ikiwa ni Jumapili, siku ambayo Baba haendi kazini, yeye huwasha koroboi, hufungua moja ya madaftari ya zamani popote pale na kusoma tarehe. Tuseme, siku fulani ya Novemba 2019, mvua kubwa. Nasi hushindana kukumbuka. Ndiyo siku ambayo viatu vya shule vilielea chini ya kitanda! Hapana, hiyo ilikuwa wiki iliyotangulia, hii ni siku aliyozaliwa kitinda mimba na Mama akakosa gari la kurudi nyumbani. Mwingine asema nyote mnadanganya, siku hiyo tulikula ndengu bila chumvi kwa sababu duka halikufikika. Vicheko hupanda hadi jirani akagonga ukuta. Kurasa za 2022 tunazipita haraka, kwa sababu sufuri zimejipanga pale kama watu kwenye foleni, na Mama hukumbuka bei ya mahindi. Za Aprili 2024 zina tarakimu karibu kila siku, na hapo huwa hatucheki sana, maana mafuriko yale yalifika kwa watu tunaowajua.

Familia nyingine zina albamu za picha. Sisi tuna milimita. Kile kitabu cha magari kikijaa, kampuni hutwaa na kumpa kingine, na hakuna ajuaye kile cha kwanza kilikopelekwa. Hiki cha mvua ni chake. Nikimfikiria Baba, simwoni langoni. Namwona amechutama na rula, ametoa ulimi kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mama naye hushona nguo kiwandani, kule EPZ ya Athi River. Kwa siku nzima hushona sehemu moja tu ya suruali, mfuko wa nyuma, kisha suruali hupita kwa mwingine. Anasema kuna siku hurudi nyumbani bila kuona suruali iliyokamilika. Labda ndiyo sababu jioni husuka kiondo. Katani huisokota juu ya paja, huanza na kitako, akazunguka na kuzunguka hadi mdomoni, na kazi yote ni ya mikono yake miwili. Hata gizani husuka kwa kupapasa. Ufundi huo alipewa na nyanya, ukakolezwa na shule. Yeye alifanya KCPE mwaka wa 1996, zama ambazo Sanaa, Ufundi na Muziki vilikuwa vikitahiniwa pamoja na Hisabati. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuwa na masomo ya mikono kwa wingi. Baadaye yakapunguzwa, ati mzigo ni mkubwa kwa mtoto. Sisi tulio katika mkia wa mfumo huo tumeurithi ukiwa umenyofolewa nyama hizo.

Hapa ni lazima nikiri upande wa pili una hoja, nisije nikaonekana kama mtu asiyejua njaa. Miaka miwili iliyopita mama mmoja mwenye duka aliviona viondo vya Mama akaagiza ishirini, vyote vya ukubwa mmoja, rangi mbili tu, kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa zilikuwa nzuri. Zililipa karo yangu ya muhula mmoja na chenji ikabaki. Siwezi kuzitukana. Lakini mwezi ule tulikuwa na EPZ mbili, moja kiwandani na nyingine kitandani. Mama hakuimba. Alihesabu. Alipomaliza cha ishirini aliweka katani juu ya kabati na haikuguswa kwa muda wa miezi mitano. Mwenye duka aliporudi na agizo lingine, Mama alimjibu kwa adabu, "Dada yangu, acha hiki kimoja kiwe changu." Watu walisema amechezea bahati. Mimi naona alijua bei ya kitu ambacho duka halikukijumlisha.

Kwa hivyo sisemi kipawa kisiuzwe. Anayetaka kuuza, auze, na Mungu ambariki. Ninachopinga ni kwamba kisichouzwa kihesabiwe kuwa upuuzi. Na siku hizi hata mtaala mpya wa umilisi, ambao una mkondo mzima wa Sanaa na Spoti na mimi naupongeza kwa hilo, unazungumzwa mitaani kana kwamba mtoto akichora punda, la kwanza ni kumwuliza punda huyo ataajiriwa wapi.

Ati uraibu ni mambo ya matajiri? Shaaban Robert (1909-1962), ambaye vitabu vyake hatuachi kuvitaja katika chama hiki, aliajiriwa kama karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mshahara wake haukutoka kwa mashairi. Kipchoge Keino alikuwa askari polisi alipotwaa dhahabu ya mita 1500 kule Mexico mwaka wa 1968, nyakati ambazo mwanariadha wa kulipwa hakuruhusiwa kushiriki Olimpiki. Na Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka wa 2015, alijifunza mengi kwa kutazama video za warushaji wengine kwenye YouTube. Najua mtasema hao ni majina makubwa, na wengi wetu hatutafika huko. Ni sawa. Baba hatafika popote kwa mkebe wake, na ndiyo maana yeye ni mfano mzuri zaidi kuliko hao watatu.

Sasa nije shuleni, maana ndiko moto unakowaka. Tulisomewa gwarideni pendekezo kwamba kuanzia muhula ujao Kidato cha Tatu na cha Nne tuache vyama, ili saa ya Alhamisi jioni iwe ya masomo ya ziada ya Hisabati. Kwa heshima na taadhima kwa walimu wetu, ambao najua hawalali wakitutafutia alama, mimi napinga. Tuhesabu. Muhula una wiki kama kumi na tatu. Hizo ni saa kumi na tatu za Hisabati, ambazo hakuna anayezidharau. Lakini sisi ni shule ya kutwa. Mwanafunzi wa bweni akinyimwa chama Alhamisi, bado ana jioni na wenzake, ana Jumamosi, ana Jumapili. Mimi nikitoka hapa saa kumi na moja unaningoja mtungi wa lita 20, unaningoja ugali, wananingoja wadogo zangu na kazi zao za shule. Saa ile ya Alhamisi ndiyo pekee katika wiki nzima ambayo naandika shairi nikiwa nimeketi kitini na kuna mtu wa kulisikiliza. Wenzangu wa drama, wa chesi na wa kwaya watasema vivyo hivyo.

Mtaniuliza, je, nataka kuwa mshairi? La. Nataka kuwa muuguzi, na Hisabati naihitaji kwelikweli, alama zangu zinajulikana. Lakini kwani muuguzi hawezi kuandika tarbia? Siku moja nitafanya kazi za usiku kama Baba, na ningependa niwe na cha kufanya saa tatu asubuhi.

Basi pendekezo langu ni hili. Gwaride la Jumatatu aghalabu huzidi kwa nusu saa, na kila mmoja wetu aliyesimama juani analijua hilo. Likiisha kwa wakati, nusu saa imepatikana. Nusu nyingine itoke kwetu. Tulio tayari kwa masomo ya ziada, nami nimo, tufike Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya saa moja. Mwalimu mmoja wa Hisabati ameshaniambia hatakosa, mradi chai iwepo. Kinachohitajika ni lango kufunguliwa mapema. Nimemwuliza bawabu wetu, naye akanijibu kuwa saa hizo yeye huwa macho, ila hakuna aliyewahi kumwuliza.