Mchango Kwanza, Sipi Baadaye

Watu wa Busia tunaimba Mombasa kila Disemba, ilhali maporomoko ya Sipi yako hapo tu ng'ambo: vuka Malaba, pita Tororo na Mbale, kisha anza kupanda Mlima Elgon kuelekea Kapchorwa. Mkenya anaingia na kitambulisho cha taifa. Gari ndilo lenye maringo, linataka kibali cha muda na bima ya COMESA.

Mimi sipendi ile tabia ya kila mtu kubeba pesa zake. Watu watano mnasimama kwa wale vijana wa mabunda ya noti pale mpakani, kila mmoja anapewa bei yake. Mkifika Mbale kuweka mafuta, mmoja anagawa kwa 25, mwingine kwa 28, na urafiki unaanza kuchacha.

Changeni kwa simu mkiwa bado Kenya, kwa laini ya mtu mmoja ambaye si dereva. Huyo atume kwa mwenzenu mwenye laini ya Uganda (kikundi cha Busia hakimkosi), mlipe kwa simu panapowezekana. Kutoa keshi kule kuna ada, halafu kodi ya serikali: ilianza 2018 kwa asilimia 1, ikashushwa hadi 0.5. Lakini toeni kiasi Mbale, ya kumlipa anayewatembeza kwenye maporomoko yote matatu na ya ndizi za barabarani. Huko juu si kila ajenti ana floti.

Na PIN? Ya mweka hazina peke yake, hata akilala kwa gari.