Ng'ombe wa mahari na muhuri wa LC1

Mwandishi, umeeleza talaka kana kwamba yote huamuliwa mahakamani. Huku kwetu Ludara, wilayani Koboko nchini Uganda, swali la kwanza la wazee wa ukoo ni: walitolewa ng'ombe wangapi? Dada yangu alivumilia kipigo miaka mingi kwa sababu ng'ombe wa mahari yake baba alishawatumia kumwoza kaka yetu. Nani angewarudisha? Mbuzi tu walikuwa wanatushinda.

Kumbe tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI, ilishaamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikufutwa (mimi ningependa wangeenda mbali zaidi, lakini wacha). Kwa hiyo shemeji akija na kamba mkononi kudai ng'ombe, hana haki hiyo.

Halafu kuna suala la kuuza shamba. Watu wengi kuanzia Koboko hadi Arua wanaamini karatasi ikigongwa muhuri wa LC1 (baraza la kijiji) basi mauzo yamekwisha. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenzi wa ndoa aridhie kwanza, kama ni ardhi ambayo familia inakaa au inapata chakula chake. Asiporidhia, mauzo hayo ni batili, hata mihuri iwe mitatu. Mnunuzi aliyedanganywa akamdai fedha zake yule aliyemuuzia, si mama anayelima muhogo pale.