Saratani ya Kuku na Amri za Kughushi

Mwaka 1907, tabibu wa wanyama József Marek wa Budapest alieleza habari za majogoo waliopooza miguu na mbawa. Miaka sitini ikapita hata virusi vya maradhi hayo, yaliyokwisha kuitwa kwa jina lake, vikatambuliwa, na haikuchukua muda ikapatikana chanjo, ya kwanza duniani kumkinga kiumbe yeyote na saratani, kwa kuwa maradhi hayo huleta uvimbe wa saratani pia. Kwa ushindi huo wengi waliridhika, na kuridhika huko ndiko tunakokuhoji katika toleo hili.

Hila ya virusi vya Marek ni kuitawala seli. Vikisha kuvutwa kwa pumzi pamoja na vumbi la manyoya, huishia kujificha ndani ya seli T, zile zile zilizopewa dhamana ya kuulinda mwili, na humo huifanya seli itengeneze protini iitwayo Meq, ambayo huungana na protini ya kuku mwenyewe iitwayo Jun, kisha zote mbili hukaa juu ya DNA, zikaziamsha jeni zilizopasa kulala na kuzinyamazisha zilizopasa kusema, mfano wa karani mhaini aliyeuiba muhuri wa liwali, akawa anatoa hati zinazotiiwa na mji mzima kwa kuwa muhuri ni wa kweli. Tena virusi hubeba kipande kidogo cha RNA kiigacho kazi ya RNA ndogo ya kuku mwenyewe iitwayo miR-155. Seli iliyopasa kufa haifi, huzaana.

Chanjo huzuia uvimbe, walakini haizuii virusi kuingia wala kutoka. Mwaka 2015 mtafiti Andrew Read na wenzake walidhihirisha kwamba kuku aliyechanjwa huweza kuishi na kutawanya virusi vikali mno, ambavyo vingalimwua asiyechanjwa kabla hajawahi kuvieneza sana. Mfugaji anunuaye vifaranga wa siku moja asidhani kwamba tunamshauri aache chanjo, hasha. Aiachaye ataliangamiza banda lake. Tunalolipinga ni ada ya kuhesabu mizoga peke yake, na ikikosekana mizoga kunena kwamba maradhi yamekwisha, ilhali ndani ya kuku mzima virusi vingali hai, na kwa miongo kadhaa vimekuwa vikizidi ukali. Ndiyo sababu tumezitanguliza makala za jeni mbele ya zile za chanjo, kinyume cha desturi yetu, na msomaji atakayeona kuwa hayo ni mambo ya maabara yasiyomhusu ana ruhusa ya kuanzia nyuma.