Pora au Mtetea?

Hutokea mara nyingi kwamba karo ya shule ikikaribia, mwenye nyumba hukamata kuku watatu wachanga wenye undu mwekundu, akawapeleka sokoni kwa kudhani kuwa ni pora. Baada ya majuma machache husikia ya kuwa mnunuzi anaokota mayai kila siku. Fedha zimekwisha, na mitetea wake wanataga kwa jirani.

Kosa hilo latokana na haraka. Kifaranga wa kienyeji aliyeanguliwa leo hatambulikani kwa kutazamwa tu. Wala si kweli kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo. Umbo la yai halionyeshi neno lo lote. Wajapani walivumbua, katika miaka ya 1920, ufundi wa kuchungulia tundu la nyuma la kifaranga, lakini kazi hiyo yahitaji mtu aliyefundishwa, kwani kifaranga akibanwa vibaya huumia, pengine hufa.

Wengine hutumia mbegu mbili. Jogoo wa Rhode Island Red akipandishwa kwa koo wa Light Sussex, vifaranga majike huwa wa rangi ya hudhurungi, na madume huwa wa manjano hafifu. Jogoo akiwa ndiye Light Sussex, alama hiyo haipatikani.

Kwa kuku wa kienyeji hapana budi kungoja. Tangu juma la sita hadi la nane undu wa pora huzidi kukua na kuwa mwekundu, na miguu yake huwa minene. Hata hivyo undu peke yake hudanganya, maana mtetea aliyekaribia kutaga naye undu wake huwa mwekundu. Hilo ndilo lililomponza muuzaji yule.

Alama ya kuaminika ni manyoya. Kuku atimizapo miezi mitatu hivi, ashikwe, na manyoya ya shingoni na ya mgongoni karibu na mkia yatazamwe. Ya pora ni marefu, membamba, yenye ncha kali na ya kung'aa. Ya mtetea ni mafupi na ncha zake ni za mviringo. Kipi hukawia kuota, na makoo wengine huota pia.

Jogoo mmoja awatosha makoo kumi. Pora waliosalia na wauzwe. Lakini kwanza yatazamwe manyoya, ndipo bei ipatanwe.