Baridi ya Julai si Uvivu wa Karani

Julai iliyopita, katika ofisi moja ya umma mjini Meru, nilimtazama karani akijaza fomu ya mtoto. Alivaa koti juu ya sweta, kofia ya marvin imemfunika masikio, leso kaizungushia miguu. Kila baada ya maneno mawili matatu aliweka kalamu chini akapuliza vidole. "Ngoja kidogo, mzee, mkono umekufa ganzi," aliniambia. Jina la mtoto, Mwenda, likaandikwa Mweda. Fomu ikachanwa, tukaanza upya. Nje, foleni ilishafika getini, na watu walikuwa wakinung'unika kwamba makarani wa siku hizi ni wavivu.

Nakataa! Yule si mvivu. Ameketishwa chini ya mabati yasiyo na dari, juu ya sakafu ya simiti, kando ya dirisha lililovunjika kioo likazibwa kwa katoni, kisha anadaiwa kazi safi na ya haraka. Mwili ukipoa, damu hukimbilia ndani kulinda moyo. Vidole huachwa vikakamae. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza kwamba joto la ofisi moja lilipopanda kutoka nyuzi 20 hadi 25, makosa ya kuchapa yalipungua kwa asilimia 44. Uingereza, mwongozo wa serikali unataka joto la ofisi lisishuke chini ya nyuzi 16. Sisi tunamwambia mtu ajifunike.

Teremka sasa hadi Ishiara au Kiritiri, kule Mbeere, mwezi wa Februari. Mabati ni yale yale, dari haipo vilevile, ila hapa chumba kimegeuka tanuri. Saa nane mchana shati limemganda mwalimu mgongoni na watoto wamelalia madaftari. Utadhani jengo la Meru na la Kiritiri yalichorwa kwa ramani moja, kana kwamba Mlima Kenya haupo. Dari ingewafaa wote: kule juu penye baridi huzuia joto lisitoroke, kule chini huzuia ukali wa mabati usimshukie mtu kichwani.

Kinachoniuma zaidi kwenye baridi ni jiko la makaa. Mlinzi wa usiku hujifungia nalo kibandani. Karani huliweka chini ya meza, madirisha yote yamefungwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe hewa safi inazunguka chumbani mwa kazi. Anayemwacha mfanyakazi achague kati ya baridi na sumu amemkosea, hata akimlipa mshahara kwa wakati.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai mosi, baridi ikiwa imeshaingia. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti hutangulia. Watu wa Meru na Embu, nendeni. Mwakilishi wadi akisoma fungu la magari na safari, simameni mumuulize: dari na vioo vya madirisha viko ukurasa gani?